Mtoto Aliyefariki Kabla ya Kubatizwa

Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi wakasisitiza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani majirani wanaojuana. Basi mimba ikiharibika, au mtoto akizaliwa amekufa katika nyumba ya jirani, jumuiya iko wapi? Mara nyingi tunanyamaza, eti kwa kuwa hakukuwa na matanga. Vibaya zaidi, tunamwuliza mama alibeba mzigo gani mzito.

Nendeni mkiwa wawili, mume na mke. Mama akae na mama. Baba naye aketi na baba, kwani huyo husahauliwa kabisa. Kila mtu humwuliza habari za mkewe tu. Chukueni unga na sukari, choteni maji, fueni nguo. Msiseme, "Mtapata mwingine." Wao wanamlilia huyu.

Kama wazazi walikusudia kumbatiza, mwoneni Paroko: Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1183, inampa Askofu wa jimbo uwezo wa kuruhusu mtoto huyo afanyiwe mazishi ya Kikanisa. Wazazi wengi hawajaambiwa hivyo.

Kisha rudini mwezi wa pili na wa tatu, wengine wakiwa wameacha kubisha hodi.