Mafuta Tunayoyahesabu kwa Lita, Barabara Huyapima kwa Kilo



Anayenunua mafuta huhesabu lita, kwa kuwa ndizo anazolipia. Breki, magurudumu na kona za barabara hazijui lita, zinajua uzito. Katika somo hili tutazigeuza lita kuwa kilo. Suala la ushuru tunawaachia wenzetu wa forodha.

Lita moja ya maji ina kilo moja. Petroli ni nyepesi zaidi, takriban gramu 740 kwa lita. Dizeli hukaribia gramu 840. Basi dumu la lita 20 la petroli lina kilo 15, au 16 pamoja na dumu lenyewe. Kwa mkono wa mtu mzima huo si mzigo wa kutisha, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Madumu sita yakifungwa nyuma ya pikipiki ni kilo 96, ilhali pikipiki yenyewe ya kubebea abiria ina kilo 110 hadi 120. Tangi lake huchukua lita 11 hivi, yaani kilo 8, nalo limewekwa katikati ya magurudumu mawili kwa makusudi. Madumu hukaa juu na nyuma. Gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani hulegea, na breki ya mbele hukosa mshiko hasa dereva anapoihitaji.

Tena petroli hutanuka kwa joto. Dumu lililojazwa hadi shingoni alfajiri, likipata joto la nyuzi 20 zaidi kufikia adhuhuri, hutafuta nafasi ya karibu nusu lita. Likiikosa, mafuta huvuja kwenye kifuniko, na chini yake kuna bomba la moshi lenye moto.

Pipa la lita 200 la dizeli hufikia kilo 185 pamoja na chuma chake. Mapipa matano yanatosha kabisa kwa pikapu ya tani moja.

Lori la lita 36,000 hubeba tani 26.6 za petroli; likijazwa dizeli, mzigo ni tani 30.2. Ujazo ni uleule, lakini zimeongezeka zaidi ya tani tatu na nusu. Isitoshe, mzigo huu hautulii. Tangi lililojaa nusu ni hatari zaidi katika kona, kwa maana mafuta hukimbilia upande mmoja na kulivuta lori, hata kama ndani mna kuta za kuyazuia.

Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, upande wa Kongo, karibu na mpaka wa Burundi. Zaidi ya watu 230 walifariki. Wapo waliokuwa wakichota mafuta; wapo pia waliokuwa vibandani wakitazama Kombe la Dunia, wasioshika hata dumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, hufuata mitaro, huingia milangoni, na cheche moja huuwasha wote.

Aliyekimbilia lori lile na dumu lake alitarajia kuondoka na kilo 15. Ukiona lori la mafuta limelala, ondoka kuelekea upepo unakotoka, panda mahali palipoinuka, zima jiko na sigara, waondoe watoto kwanza, kisha utuite. Ukisikia harufu ya petroli, mvuke umekwisha kukufikia.