Kobe kwa Treni na kwa Miguu: Somo kwa Mwanafunzi Msafiri



Ndugu zangu, Ijumaa yangu ya kwanza nchini Japani niliikosa swala ya jamaa kwa sababu ya jina la stesheni. Nilikuwa nakaa Osaka kwa mafunzo ya miezi mitatu, nikaambiwa kwamba mji wa Kobe, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni, una msikiti mkongwe. Nikapanda treni. Tulipofika kituo kiitwacho Sannomiya karibu behewa zima lilishuka. Mimi nikabaki nimekaa, nawashangaa, maana kichwani mwangu nilikuwa naenda Kobe na kibao pale hakikuandikwa Kobe. Nikateremka stesheni ya Kobe yenyewe, na hapo ndipo nilipogundua kuwa stesheni ya Kobe siyo katikati ya mji wa Kobe. Katikati ni kule kule waliposhuka watu. Nilitembea zaidi ya nusu saa, nusu ya njia nikipanda kilima, na nilipofika watu walikuwa wanatafuta viatu vyao mlangoni. Nikaswali Adhuhuri peke yangu.

Tangu nirudi, wenzetu kadhaa hapa chuoni wameniuliza habari za mji huo. Wapo wanaojaza fomu za ABE Initiative, ule ufadhili wa Japani kwa vijana wa Afrika uliotangazwa mwaka 2013 kwenye mkutano wa TICAD, na inajulikana kwamba Wanyarwanda wengi waliopita katika mpango huo walisomea kompyuta Kobe. Basi haya ni yale ambayo ningependa mtu anieleze kabla sijapanda ndege.

Mlima juu, bahari chini

Kobe ni mji uliobanwa. Upande wa kaskazini kuna safu ya milima ya Rokko, upande wa kusini kuna bahari, na mji wote umejipanga kwenye ukanda mwembamba katikati. Sisi watu wa vilima tuna bahati hapo: ukipotea, angalia ardhi inapopanda, huko ndiko kaskazini. Wenyeji nao huelekezana hivyo hivyo. Watakuambia duka liko "upande wa mlima" au "upande wa bahari" wa barabara. Ukiuliza njia, ingiza maneno hayo mawili, yama ni mlima na umi ni bahari, hata kama Kijapani chako kimeishia kwenye salamu.

Stesheni zinazokuhusu ni tatu tu. Sannomiya ndiyo moyo wa mji. Kampuni ya JR inaiita Sannomiya, kampuni za Hankyu na Hanshin zinaiita Kobe-Sannomiya, lakini ni mahali pamoja, unavuka kwa miguu kutoka moja hadi nyingine. Shin-Kobe iko juu zaidi, chini ya mlima, na ndiko inakosimama treni ya mwendo kasi, Shinkansen. Kutoka hapo hadi Sannomiya ni kituo kimoja tu kwa treni ya chini ya ardhi. Ya tatu ni ile iliyonidanganya, Kobe. Hiyo inakufaa ukienda Harborland kando ya bahari, vinginevyo ipite.

Treni ipi, kwa kadi ipi

Kati ya Osaka na Kobe kampuni tatu zinagombania abiria, JR, Hankyu na Hanshin, kila moja na reli yake. Kwa mwanafunzi hii ni neema, maana nauli haizidi yeni 500. Shinkansen kutoka Shin-Osaka hadi Shin-Kobe huchukua dakika 13 tu, lakini nauli yake ni zaidi ya mara mbili. Wapo wanaoipanda ili wapige picha tu. Sikatai, ila mfuko ni wako.

Jambo la kuangalia ni aina ya treni. Futsu husimama kila kituo. Kaisoku huruka baadhi. Shinkaisoku ya JR huruka vingi zaidi, na haiongezi nauli, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kupanda. Halafu kuna neno tokkyu, na hapa wageni wengi hujikwaa. Kwenye Hankyu na Hanshin, tokkyu ni treni ya haraka unayopanda kwa nauli ile ile ya kawaida. Kwenye JR, tokkyu inahitaji tiketi ya pili ya kulipia juu ya nauli, na mkaguzi akikukuta humo bila hiyo tiketi utalipa papo hapo.

Kuhusu malipo, fikiria kadi ya Tap&Go ya mabasi yetu ya Kigali. Kule kadi kama hiyo, katika eneo la Osaka na Kobe, inaitwa ICOCA. Unainunua kwenye mashine ya stesheni kwa yeni 2,000, kati ya hizo 500 ni amana utakayorudishiwa ukiirejesha kadi, na zinazobaki ni nauli. Inakubalika kwenye kampuni zote tatu, treni ya chini ya ardhi, mabasi ya mji, hata madukani. Kwenye treni unagusa unapoingia na unagusa tena unapotoka. Kwenye basi la mji wa Kobe unapandia mlango wa nyuma na unalipa mlango wa mbele unaposhuka.

Wengi huniuliza kama wanunue ile pasi ya JR ya nchi nzima. Oktoba 2023 pasi ya siku saba ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kama unatembelea Kobe na Osaka tu, huwezi kuirudisha pesa hiyo, na isitoshe haikuingizi Hankyu, Hanshin wala treni ya chini ya ardhi ya mji.

Ndani ya treni, simu haipigwi. Hakuna atakayekugombeza, ila utayaona macho. Begi la mgongoni livae kifuani. Dada zetu wajue kwamba baadhi ya treni zina behewa la wanawake peke yao, lenye alama ya waridi sakafuni pale mnapopangia foleni. Kwa dada anayesafiri peke yake jioni, ni raha kubwa. Kaka zetu nao waiangalie hiyo alama kabla ya kuingia. Mimi niliingia mara moja, nikadhani watu wananitazama kwa sababu ya kofia.

Siku yenyewe

Ijumaa iliyofuata nilishuka na walioshuka. Toka Sannomiya upande wa mlima, panda taratibu, na baada ya dakika kumi hadi kumi na tano utaona minara kati ya majengo. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935, na ndio mkongwe kuliko misikiti yote iliyobaki Japani. Ulijengwa kwa michango ya wafanyabiashara Waislamu wa bandari, wengi wao Wahindi, pamoja na Watatari waliokimbia Urusi baada ya mapinduzi. Mchoraji wa ramani yake alikuwa Mcheki, Jan Josef Švagr. Mwaka 1943 jeshi la majini liliutwaa. Mwaka 1945 mabomu ya Marekani yaliteketeza mtaa uliouzunguka, ukabaki umesimama, kuta zimeungua moshi. Na tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, tetemeko la ardhi liliuvunja mji huu na kuua zaidi ya watu 6,400. Msikiti ukabaki tena.

Nilikaa ndani baada ya swala, nikapima unene wa ukuta kwa kiganja. Pembeni yangu kulikuwa na mwanafunzi wa Indonesia, mzee wa Kipakistani aliyelala kidogo, na Mjapani mmoja akisoma Qur'ani polepole kwa sauti. Wageni wasio Waislamu pia huja kuutazama, kwa hiyo ukiwa ndani usishangae kamera mlangoni.

Ukitoka, endelea kupanda uingie Kitano. Bandari ya Kobe ilifunguliwa kwa biashara ya nje tarehe 1 Januari 1868, na wafanyabiashara wa Ulaya walijenga nyumba zao huku juu ili waione bahari. Nyingi sasa ni makumbusho, na nyingi hutoza kiingilio. Kwa maoni yangu zitazame kwa nje, hela yako iweke. Kutembea mtaani kunatosha: ndani ya mwendo mfupi utapita msikiti, sinagogi na hekalu la Wajaini.

Kutoka Kitano elekea stesheni ya Shin-Kobe. Nyuma yake kuna njia ya miguu inayokupeleka kwenye maporomoko ya maji ya Nunobiki, kama dakika kumi na tano za kupanda, bure. Mwishoni mwa Novemba majani yanageuka mekundu. Ukitaka kuona mji wote na bahari bila kuchoka kuna gari la kamba, lakini hilo linalipiwa.

Alasiri shuka hadi baharini, Meriken Park. Mnara mwekundu wa bandari, wa mwaka 1963 na wenye urefu wa mita 108, utauona tu. Mimi naomba utafute kitu kingine kilicho karibu nao: kipande cha gati kilichoachwa kama tetemeko lilivyokiacha, zege limepasuka, taa za barabarani zimeinama, maji yakiingia. Hakuna kiingilio. Sisi tunaotoka katika nchi yenye maeneo ya kumbukumbu tunajua namna ya kusimama mahali kama hapo. Ukipata nafasi zaidi, nenda kwenye makumbusho ya tetemeko yaliyoko HAT Kobe, mwendo wa dakika kumi hivi kutoka kituo cha Iwaya cha Hanshin. Jumatatu hufungwa.

Swala njiani

Kwa sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, jua la Japani linachanganya. Hapa kwetu Magharibi ni saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Kobe mwishoni mwa Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana upesi kiasi kwamba ukiingia makumbusho saa nane ukitoka umepoteza moja. Juni ni kinyume: jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Alfajiri inaingia wakati ungali katika usingizi wa kwanza. Panga ziara kwa ratiba ya swala ya siku hiyo, siyo kwa ile uliyoizoea.

Kupunguza swala kuna masharti yake. Ukitoka Kigali ukakae Japani siku tatu, wewe ni msafiri na ruhusa ni yako. Lakini ukinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, kwa madhehebu ya Shafi unaswali kamili. Kwa Hanafi ni siku kumi na tano. Na kwa aliyekaa Osaka kama mimi, safari ya Kobe ni kama kilomita 30, haifiki umbali wa kilomita 80 na ushee ambao wanavyuoni wengi wameuweka. Kwa hiyo ile "niko safarini" niliyokuwa naisema kila Jumamosi haikuwa na msingi. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka.

Kibla kwetu kiko kaskazini, kimepinda kidogo mashariki. Kobe kiko magharibi, kimepinda kidogo kaskazini. Mlima ukae mkono wako wa kulia, kisha hakikisha kwa dira ya simu. Kuhusu udhu, vyoo vya stesheni ni safi na vingi vina maji ya kujisafishia kwa kubonyeza kitufe, jambo lililonipa faraja kuliko nilivyotarajia. Ila usipandishe mguu kwenye sinki la kunawia. Vaa soksi za ngozi ukiwa na udhu asubuhi, na msafiri anaruhusiwa kuzipangusa siku tatu.

Chakula

Utasikia sana sifa za nyama ya ng'ombe ya Kobe. Jina la mji halifanyi nyama kuwa halali. Kama mgahawa hauna uthibitisho wa kuchinja, pita. Jirani na msikiti kuna duka la vyakula halali na migahawa ya Kihindi na Kipakistani, huko utashiba. Ukiwa mbali, tegemea samaki na wali, lakini uliza kuhusu mirin, pombe ya mchele inayotiwa kwenye michuzi mingi. Piga picha ya alama hizi mbili uziweke kwenye simu: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Ukiziona kwenye pakiti, rudisha kwenye rafu. Na karatasi zako rudi nazo nyumbani, mapipa ya taka mitaani ni machache mno.

Kurudi

Treni huacha kufanya kazi karibu na saa sita usiku, na hakuna moto wa kukuokoa kama Nyabugogo. Iliyobaki ni teksi, ambayo mlango wake hujifungua wenyewe na mita yake hukimbia. Ukirudi uwanja wa ndege wa Kansai, kuna basi la moja kwa moja kutoka Sannomiya, zaidi ya saa moja kidogo. Ninayoipenda mimi ni njia ya pili: panda Port Liner, treni isiyo na dereva iliyoanza kazi 1981, kaa mbele kabisa, teremka uwanja wa ndege wa Kobe, kisha uvuke ghuba kwa boti kwa nusu saa hivi. Bahari ikichafuka boti husimamishwa, kwa hiyo ulizia asubuhi ya siku hiyo, na ukiambiwa haiendi, kimbilia basi mapema.

Wabillahi tawfiq.