Somo la Ghadhabu na Hukumu

Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kwamba Abu Bakra alimwandikia mwanawe, aliyekuwa kadhi katika nchi ya Sijistan, akimkataza asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ameghadhibika, kwa kuwa yeye alimsikia Mtume, rehema na amani zimfikie, akilikataza jambo hilo. Wanavyuoni hawakusimama katika neno la ghadhabu peke yake. Waliitafuta sababu ya katazo, wakaona ni kule kushughulishwa kwa fikira, hata mtu asizione pande zote mbili za shauri. Basi wakalinganisha nayo kila lishughulishalo fikira: njaa, kiu, usingizi, huzuni, khofu, hata furaha ikizidi. Hilo la furaha ni la kutazamwa sana, maana ni nani ajihadhariye na furaha yake?

Baadaye akatokea Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, nao ni mwaka 934 wa Miladi. Alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi, akaweka maradhi ya nafsi kuwa makubwa manne: ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake. Tena akashauri ya kwamba mtu, naye yu katika utulivu, ajiwekee fikira njema akibani, kama watu wawekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua.

Ama wataalamu wa zama hizi wameyapima mambo haya kwa hesabu. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 huko Marekani, Jennifer Lerner na wenziwe waliwauliza watu 973 juu ya hatari walizozitazamia. Baadhi yao waliamshwa hasira kwanza, na baadhi khofu. Matokeo yakatangazwa mwaka 2003: wenye khofu waliiona hatari kubwa, na wenye hasira wakaiona ndogo. Nchi ni moja na msiba ni mmoja. Basi si kweli kwamba machungu yote ya moyo huvuta upande mmoja. Khofu humrudisha mtu nyuma, na hasira humpa uhakika asiostahili kuwa nao.

Mwaka 2004 Lerner na wenziwe wakaonyesha jambo jingine. Watu walitazama picha ya sinema ya kuhuzunisha, kisha wakaulizwa bei ya kalamu, kitu kisicho na uhusiano wowote na ile picha. Waliokuwa nazo wakakubali kuziuza kwa bei ndogo, na waliotaka kuzinunua wakawa tayari kutoa zaidi. Na afikiri msomaji juu ya mfiwa ajiwaye na mnunuzi wa shamba kabla matanga hayajaondoka.

Wala haifai kudhani kuwa dawa ni kuung'oa moyo wote. Antonio Damasio alieleza mwaka 1994 habari za wagonjwa walioharibika sehemu ya mbele ya ubongo: akili zao zilipojaribiwa zilikuwa salama, lakini hisia zimepungua mno, nao wakashindwa kuchagua hata mambo madogo.

Shauri lililo zito kuliko yote ni la talaka. Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra, alitunga risala nzima juu ya talaka ya mwenye ghadhabu, akaigawa ghadhabu daraja tatu. Ya kwanza, mtu ajua asemalo: talaka yake hupita. Ya pili, akili imeondoka kabisa: haipiti. Ya tatu iko katikati: akili ipo, ila imezidiwa, hapo yeye aliona haipiti, na wengi katika madhehebu ya Shafi huona yapita maadamu akili ipo. Basi kadhi hana budi kumwuliza mume alikuwa katika daraja gani. Na swali hilo huulizwa hasira zimekwisha, akajibu yule yule ambaye, wakati wa kutamka, hakuwa akijiona.