Ufundishaji wa Silabi katika Madarasa ya Awali: Kukariri au Kusoma?

Utangulizi

Othografia ya Kiswahili sanifu husifiwa kwa ukaribu wake na matamshi. Irabu ni tano, nazo ni a, e, i, o na u, na kila moja huwakilisha sauti ile ile popote itokeapo. Aidha, silabi nyingi ni wazi, yaani huishia kwa irabu. Kwa sababu hizi, ingetarajiwa kwamba mtoto wa miaka sita angesoma maneno mepesi bila taabu. Hata hivyo, si nadra kumpata mwanafunzi anayeimba ba, be, bi, bo, bu kwa ufasaha lakini anakwama anapoonyeshwa neno bibi. Makala haya yanadhamiria kubainisha vyanzo vya hali hii na kupendekeza namna ya kuirekebisha.

Jina la Herufi na Sauti Yake

Mtoto wa Kenya hukutana na herufi zile zile katika Kiingereza na Kiswahili kwa wakati mmoja. Katika Kiingereza, herufi a huitwa “ei”, e huitwa “ii” na i huitwa “ai”. Aliyezoea majina hayo husoma mama kama “em-ei-em-ei”, na majina hayo manne hayawezi kuungana yakazaa mama. Vivyo hivyo, meza hugeuka “miza”. Yafaa basi mwalimu atangulize sauti, na majina yafuate baadaye.

Kutoka Silabi hadi Neno

Udhaifu wa wimbo wa silabi ni mpangilio wake usiobadilika. Mtoto huukumbuka mfuatano wala haangalii maandishi. Dawa yake ni kuuvuruga mpangilio huo: mu, ma, me. Ufundishaji waweza kufuata hatua nne:

(a) Wanafunzi wapige makofi kulingana na silabi za neno wanalolijua: ka-la-mu, makofi matatu.

(b) Mwalimu avute sauti ya m bila kuikata hadi ifikie a: mmma.

(c) Silabi chache zitumiwe kuunda maneno mengi. Silabi ka na ta pekee huzaa kaka, kata, taka, tata na takata.

(d) Neno lirudiwe kwa kasi ya kawaida, mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo ndipo mtoto hulitambua kuwa neno alilokwisha kulisikia nyumbani.

Silabi Zinazotatiza

Si kila silabi ni konsonanti na irabu. Katika mtu na mke, m ni silabi kamili, kama ilivyo n katika nchi. Mtoto aliyefunzwa ma, me, mi, mo, mu pekee husoma “mutu”, kwani hajawahi kuonyeshwa m inayosimama peke yake. Katika embe, kwa upande mwingine, mb haitenganishwi: e-mbe. Tofauti ya ng katika ngoma na ng’ katika ng’ombe nayo huhitaji somo lake mahususi.

Athari za Lugha ya Kwanza

Hapa ndipo mtoto huweza kudhulumiwa. Dholuo haina sauti sh, hivyo mzungumzaji wake huweza kusoma shamba kama “samba”. Katika lugha za Kikalenjin, p na b hazitofautishi maana, hivyo bata huweza kusikika kama “pata”. Mwanafunzi akitamka “samba” kisha akaionyesha picha ya shamba, amesoma. Kilichosalia ni zoezi la matamshi. Mwalimu asiyetenganisha mambo haya mawili humhesabu msomaji miongoni mwa wasiojua kusoma, naye mtoto huishia kunyamaza darasani. Kinyume chake, anayetamka kila silabi sawasawa bila kufahamu neno hupongezwa, ilhali ndiye anayehitaji msaada.

Hitimisho

Imebainika kwamba wepesi wa othografia ya Kiswahili haumfikii mtoto pasipo mwalimu anayefahamu fonolojia yake. Fonimu, silabi na mkazo, ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu huzisoma kwa ajili ya mtihani, ndizo zana za mwalimu wa gredi ya kwanza. Inapendekezwa kwamba kozi za fonolojia ziambatanishwe na mazoezi ya kuwasikiliza watoto wakisoma, ili atakayehitimu aweze kupambanua kosa la usomaji na lafudhi ya nyumbani.