SOMO LA AFYA: KUANZA MBIO KATIKA UMRI WA MAKAMO

Mtu aliyetimiza miaka arubaini na kuendelea, ambaye kazi yake ni ya kukaa mezani tokea asubuhi hadi alasiri na safari zake zote ni za gari, huwa hatambui ni lini miguu yake iliacha kufanya kazi. Hutambua siku anapopanda ngazi za ghorofa ya pili akahema, au anapopimwa shindikizo la damu akaambiwa kuwa limefika 140 kwa 90 au limepindukia hapo. Wengi katika hali hiyo huazimia kukimbia. Azma hiyo ni njema, lakini ina taratibu zake, na asiyezijua huenda akaishia kitandani badala ya uwanjani.

Uhusiano baina ya kukaa na maradhi ya moyo si dhana ya mitaani. Mwaka 1953 daktari wa Kiingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Madereva, waliokaa kitini mchana kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makonda, ambao kazi yao ilikuwa kupanda na kushuka ngazi za basi wakikusanya nauli. Watu hao walikuwa wa mji mmoja na wa kampuni moja. Baadaye ilibainika kuwa madereva walikuwa wanene zaidi tokea walipoajiriwa, jambo ambalo Morris mwenyewe hakulificha. Hata hivyo, tafiti zilizofuata zikathibitisha kuwa harakati za mwili zina nafasi yake zenyewe katika kuulinda moyo.

Mbio za watu wa makamo kwa ajili ya afya zilipata nguvu kutoka New Zealand. Mwalimu wa riadha Arthur Lydiard, ambaye wanafunzi wake Peter Snell na Murray Halberg walitwaa medali za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, aliwakusanya watu wazima wa mji wa Auckland, baadhi yao wakiwa wameshapatwa na maradhi ya moyo, akawakimbiza polepole. Mwishoni mwa mwaka 1962 alizuriwa na mwalimu wa riadha wa Kimarekani, Bill Bowerman, aliyekuwa na umri wa miaka 51. Mgeni huyo alidhani yeye ni mzima wa mwili, kwani kazi yake ilikuwa kufundisha wakimbiaji. Alipotoka kukimbia na kikundi kile aliachwa nyuma, na aliyebaki kumsindikiza alikuwa ni mzee aliyepindukia miaka 70 ambaye moyo wake ulikwishamsumbua zaidi ya mara moja. Bowerman aliporejea kwao alianzisha mafunzo kama hayo, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya mbio za polepole kwa kushirikiana na daktari wa moyo, Waldo Harris.

Siri ya Lydiard ilikuwa moja: mwendo uwe wa kumwezesha mkimbiaji kuzungumza. Anayeweza kumsimulia mwenziwe khabari ya jana huku akikimbia, huyo yumo katika kiasi. Anayejibu kwa neno moja moja amezidisha, na apunguze mara moja. Kipimo hiki hakihitaji saa wala chombo chochote, nacho ni sababu mojawapo ya kukimbia wawili au kwa kikundi. Hapa visiwani vikundi vya mazoezi si vigeni, na kila tarehe 1 Januari hukutana katika siku ya mazoezi ya kitaifa. Ila ieleweke kwamba siku moja kwa mwaka ni sherehe. Mwili haujengeki kwa sherehe.

Aanzaye asikimbie kabisa katika wiki mbili za mwanzo. Atembee kwa haraka nusu saa, siku tatu au nne kwa wiki. Wiki ya tatu achanganye: dakika moja ya mbio, dakika mbili za kutembea, na kuendelea hivyo hivyo mpaka nusu saa itimie. Kila wiki aongeze kidogo muda wa mbio na kupunguza wa kutembea. Kwa watu wengi huchukua miezi miwili hadi mitatu kuweza kukimbia nusu saa bila ya kusita, na anayehitaji miezi mitano hana la kuonea haya. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Moyo na mapafu huzoea kwa muda wa wiki chache tu, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Hivyo mtu hujiona ana pumzi ya kutosha, akaongeza masafa, na mara kisigino au muundi ukaanza kuuma. Hasa waliokuwa wanamichezo ujanani ndio waathirika wakubwa, kwani wanaikumbuka miguu waliyokuwa nayo skuli.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu. Nusu saa ya mbio kwa siku tatu inatosheleza kiwango hicho cha chini. Ama anayekimbia kwa kutaka kupunguza kitambi ajue kwamba mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 hutumia takriban kalori 400, nazo hurejeshwa kwa wepesi na sahani moja ya chapati.

Jambo lisilofaa kupuuzwa ni kupimwa kabla ya kuanza. James Fixx, mwandishi wa Kimarekani, alianza kukimbia mwaka 1967 akiwa na miaka 35, mwenye uzito wa karibu kilo 100 na mvutaji mkubwa wa sigara. Aliacha sigara, akapungua, na mwaka 1977 akaandika kitabu cha mbio kilichouzwa sana. Tarehe 20 Julai, 1984 alianguka akikimbia na kufariki, akiwa na umri wa miaka 52. Uchunguzi ulionesha kuwa mishipa ya moyo wake ilikwishaziba vibaya. Wapo wanaoitumia khabari hii kuhalalisha uvivu. Hawasemi kuwa baba yake Fixx alishikwa na moyo akiwa na miaka 35 na kufa akiwa na 43. Mbio hazifuti urithi wala miaka ya sigara. Kwa hiyo mwenye shindikizo la damu, sukari, au mzazi aliyefariki mapema kwa moyo, amwone daktari kwanza. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, kizunguzungu au jasho baridi ni amri ya kusimama papo hapo na kufikishwa hospitali.

Mwenye sukari anayetumia dawa au sindano achukue tende mfukoni, kwani mbio hushusha sukari. Viatu viwe na soli nene isiyolika upande mmoja. Vya mtumba vikaguliwe hapo. Wakati wa kaskazi ni bora kutoka alfajiri kabla ya jua kupanda. Ufukweni, maji yakitoka, mchanga ulioshikamana ni laini kwa magoti, lakini palipo na mteremko mguu mmoja hubeba zaidi, basi mkimbiaji ageuze njia na kurudi alikotoka. Mwenye homa asikimbie mpaka ipoe, na akirudi aanze kwa nusu ya alichokuwa akikifanya.