Shakwe Wawili Wanaofanana

Mto Msimbazi, upitao Vingunguti jirani na Kiwalani, huingia baharini karibu na Daraja la Selander. Maji yakupwapo matope hubaki wazi, na ndege huja kutafuta chakula. Miongoni mwao mwanafunzi aweza kuona shakwe wadogo weupe wenye mabawa ya kijivu. Je, ni wa spishi moja?

Pwani yetu ina spishi mbili za namna hiyo: shakwe kichwa-kijivu (Chroicocephalus cirrocephalus) na shakwe kichwa-cheusi (Chroicocephalus ridibundus). Wa kwanza huzaliana hapa Afrika, hasa kwenye maziwa ya bara, na pia Amerika ya Kusini. Wa pili huzaliana Ulaya na Asia, nasi humpata kama mgeni, takriban Oktoba hadi Aprili.

Majina hayo hupotosha. Kichwa cha huyo mgeni si cheusi bali ni cha hudhurungi iliyokoza, tena rangi hiyo huwa nayo wakati wa kuzaliana tu. Akiwa kwetu, mara nyingi kichwa chake ni cheupe, chenye doa jeusi nyuma ya jicho. Kijivu cha mwenzake nacho hufifia nje ya majira ya kuzaliana. Basi alama ibadilikayo kwa majira haifai kutegemewa peke yake.

Tutazame jicho. Kwa shakwe kichwa-kijivu aliyekomaa, sehemu inayoizunguka mboni ni nyeupe yenye umanjano. Kwa mgeni ni nyeusi. Ndege akiruka, mgeni huonyesha ukanda mweupe dhahiri ukingoni mbele, kuelekea ncha ya bawa. Ncha ya bawa la mwenyeji ni nyeusi zaidi, yenye madoa meupe, na chini ya bawa lake pana kijivu kilichokoza.

Kosa la jina si dogo. Mwaka 2023 mafua ya ndege yaliua maelfu ya shakwe kichwa-cheusi nchini Uingereza. Anayefuatilia njia za ugonjwa huo lazima ajue ni ndege gani aliyetoka mbali na ni yupi aliyezaliwa barani.

Zoezi: andika kwanza tarehe, hali ya maji, rangi ya jicho na ncha ya bawa, jina liandikwe mwisho. Makinda ya spishi zote mbili yana macho meusi. Ukiwa na shaka, andika “shakwe” tu.