SOMO LA ROBO HII: Kula Dar es Salaam kwa Kipato Kidogo



Kamati za parokia zilizopo mijini zimezoea kumsaidia mgonjwa na mfiwa. Mwenye njaa ambaye yuko kazini ni vigumu kumtambua. Anavaa shati safi, anawahi daladala alfajiri, na mchana wenzake wanapokwenda kwa mama lishe yeye husema ana kazi ya kumalizia. Vijana wa Dar es Salaam wamelipa jambo hili jina: kupiga pasi ndefu, yaani kuunganisha chai ya asubuhi na chakula cha usiku bila kitu katikati. Jina hilo huchekesha. Mwili wa mlinzi wa usiku au binti anayesimama dukani saa 12 hauoni kichekesho.

Somo hili limeandaliwa lisomwe katika kikao kimoja cha kamati au cha vijana. Lengo lake ni kuona kwa nini chakula cha maskini mjini huwa ghali, na nini kinaweza kufanyika.

1. Kwa nini anayepata kidogo hulipa zaidi

Mpangaji wa chumba kimoja hudaiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingi mitatu, sita au hata mwaka mzima. Nauli ya daladala haina punguzo kwa mwenye shida, na huko kijijini wazazi wanasubiri chochote. Kinachobaki kupunguzwa ni chakula peke yake.

Halafu chakula chenyewe hununuliwa kwa vipimo vidogo: unga robo, mafuta kipimo kimoja, mkaa kopo moja, nyanya fungu moja. Kila kipimo kina faida ya muuzaji ndani yake. Anayenunua mkaa kwa kopo siku 30, akijumlisha, hukuta amelipa zaidi ya jirani aliyenunua gunia, ingawa jirani ndiye mwenye kipato kikubwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mnunuzi wa kila siku methali hii hugeuka: haba na haba humaliza mshahara.

Jambo la tatu ni moto. Mtu mmoja anayechemsha maharage ya sahani moja hutumia karibu moto uleule ambao ungepikia watu watano. Ndiyo maana kijana anayeishi peke yake akisema sahani ya mama lishe ni nafuu kuliko kupika, mara nyingi hakosei. Adui yake mkubwa ni upweke wa sufuria yake kuliko bei ya maharage.

2. Kapu la wiki la mtu mmoja

Mtu mzima anayefanya kazi ya kawaida huhitaji takriban kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Kapu lifuatalo linatosha wiki moja:

- unga wa dona kilo 2
- mchele kilo 1
- maharage robo tatu ya kilo
- dagaa wakavu robo kilo
- mafuta ya kula robo lita
- fungu la mboga za majani kila siku, pamoja na nyanya, kitunguu na ndimu

Ukiacha mboga, vyakula hivyo hutoa takriban kalori 2,300 kwa siku na protini ya kutosha. Dona imechaguliwa badala ya sembe kwa sababu kiini na pumba havikuondolewa, hivyo hubaki na vitamini na madini zaidi. Mahindi na maharage hukamilishana: protini inayopungua katika kimoja hupatikana katika kingine. Dagaa huliwa na mifupa yake, na humo mna kalisi. Mchicha, matembele na kisamvu huleta vitamini A na madini ya chuma. Kamua ndimu juu ya mboga ili mwili upokee chuma hicho vizuri, na chai iachwe mpaka saa moja baada ya kula, kwa maana huzuia kazi hiyo.

Hatuandiki bei hapa, kwa kuwa hubadilika kila msimu. Kikundi kiende sokoni, kiandike bei ya kila kitu kwa kipimo kidogo na kwa kipimo kikubwa, na kilinganishe. Hesabu hiyo ndiyo somo lenyewe.

3. Sufuria moja, watu watano

Sasa zidisha kapu hilo kwa watu 5 na wiki 4. Utapata dona kilo 40, mchele kilo 20, maharage kilo 15, dagaa kilo 5 na mafuta lita 5, yaani dumu moja kamili. Hapo watu hao hawahitaji tena kipimo cha dukani. Wanaweza kutuma wawili kwenda Tandale kununua nafaka, na mboga wakanunua karibu na nyumbani kila siku, kwani bila jokofu mboga nyingi ni hasara.

Mambo manne yazingatiwe:

Kwanza, dona haikai muda mrefu bila kuharibika kwa sababu ina mafuta ya kiini. Nunueni mahindi kilo 40, mkasage kilo 10 kila wiki.

Pili, mkubaliane zamu ya kupika na ya kuosha vyombo, na pesa zitolewe siku ya mshahara kabla hazijapata kazi nyingine. Daftari liwe moja na lisomwe mbele ya wote. Vikundi vingi havivunjwi na njaa, huvunjwa na shilingi isiyo na maelezo.

Tatu, punguzeni moto. Lowekeni maharage usiku kucha na kumwaga maji yake. Yachemsheni kwa nguvu angalau nusu saa, kisha sufuria ifunikwe vizuri na kuzamishwa ndani ya kapu lililojazwa matambara au blanketi kuukuu. Joto lililofungiwa humo huendelea kuivisha bila mkaa. Yakitoka, yachemsheni tena kabla ya kuunga.

Nne, angalieni msimu. Kwa kawaida bei ya mahindi hushuka baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, na hupanda kuelekea Januari na Februari. Kikundi kilichoweka akiba kidogo mwezi Julai hakitapiga pasi ndefu mwezi Februari.

4. Rahisi isiyo rahisi

Si kila kilicho nafuu ni nafuu. Mahindi au karanga zenye ukungu huuzwa bei ya chini, lakini huweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje zilizobadilika rangi, kunyauka au kunuka uvundo zisiliwe na zisipewe kuku.

Maharage yaliyochacha yasichemshwe upya kwa matumaini. Kwa joto la Dar es Salaam, chakula kinachobaki usiku kinahitaji kupoa haraka, kufunikwa, na kuchemshwa vizuri asubuhi. Siku moja ya kuharisha hugharimu kibarua cha siku hiyo, na dawa juu yake.

Daftari la mkopo la Mangi nalo lina bei yake. Husaidia siku ya dharura, lakini mwenye deni hawezi kuhamia duka lenye bei nafuu. Anayedaiwa amalize deni kwanza, hata kwa awamu, ndipo aingie katika kikundi.

5. Kwa wanakamati na wafadhili

Somo hili halisemi kwamba umaskini unatokana na kutojua hesabu. Mtu ambaye mshahara wake umeisha tarehe 10 huijua hesabu hiyo kuliko sisi. Anachokosa ni fedha za kununua kwa wingi mara ya kwanza. Wala kikundi cha sufuria hakiondoi haja ya mshahara wa haki. Kijana asiyelipwa hata mapato ya kapu la wiki anahitaji kutetewa, na ushauri wa mapishi hautamtosha.

Kwa hiyo tunaomba msaada uelekezwe pale unapozaa. Mfuko mmoja wa unga unaotolewa kwa kila mhitaji huisha ndani ya wiki chache. Thamani ya mifuko kama hiyo ikikopeshwa kwa kikundi cha watu watano kama mtaji wa manunuzi ya mwezi wa kwanza, hurudi na kwenda kwa kikundi kingine. Vivyo hivyo sufuria kubwa, mizani ya mkono, au mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, lakini kwa mpangaji wa chumba kimoja kikwazo ni kuupata mtungi wenyewe kwa mara ya kwanza.

Na msaada utolewe kwa heshima. Asiitwe mtu mbele ya mkutano kupokea unga. Mwenye njaa ya siri ataendelea kusema ameshiba kuliko kutangazwa. Kikundi cha kununua pamoja hakina mpokeaji wala mtoaji, bali wana kikundi tu, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya majadiliano

1. Katika eneo letu, nani anaweza kuwa anapiga pasi ndefu bila sisi kujua? Tumtambueje bila kumwaibisha?
2. Linganisheni bei ya mafuta, mkaa na maharage kwa kipimo kidogo na kikubwa. Tofauti ya mwezi mmoja ni shilingi ngapi?
3. Kamati ikiamua kuanza na kikundi kimoja, ni vijana gani watano wanaoishi jirani, na nani atashika daftari?
4. Je, sisi wenyewe tunaowaajiri walinzi, mafundi na wasaidizi wa nyumbani, mshahara tunaotoa unanunua kapu la wiki?

Swali la nne lisirukwe.